Swali liko nyumbani, mshahara uko ugenini

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa shahada ya uzamili ya sayansi na uhandisi)



Mtu aliyemaliza shahada ya uzamili ya sayansi au uhandisi huweza kujikuta siku moja ana karatasi mbili mezani. Ya kwanza imetoka katika chuo kikuu cha Ulaya ya Kaskazini. Inasema kwamba anatafutwa mtu wa kufanya utafiti wa uzamivu kwa muda wa miaka minne. Inataja mada, inataja maabara, inataja msimamizi, na mwishoni inataja mshahara wa kila mwezi, likizo na malipo ya siku za ugonjwa. Ya pili imetoka katika chuo cha nchini mwake. Inamkaribisha kwenye masomo ya uzamivu, inataja ada ya kila mwaka, gharama za usajili na gharama za vifaa, kisha inamtaka aandike mwenyewe pendekezo la utafiti na atafute mwenyewe mfadhili. Karatasi zote mbili zinaelekea kwenye shahada moja. Lakini ya kwanza ni tangazo la kazi, na ya pili ni hati ya madai.

Hapana budi tofauti hiyo itazamwe vizuri kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu wengi huichukulia kuwa ni tofauti ya utajiri tu: kwamba wao wanazo na hapa hazipo. Utajiri una sehemu yake, hakuna anayekataa. Hata hivyo chini ya utajiri kuna fikra. Katika nchi zilizoendelea kiviwanda imekwisha kukubalika kwamba utafiti wa uzamivu ni kazi ya uzalishaji. Nani hukesha na mtambo unaopima sampuli usiku kucha? Nani hurudia jaribio mara 40 mpaka kosa lijulikane limetoka wapi? Profesa hutoa mwelekeo, huandika maombi ya fedha na kusahihisha. Anayekesha ni mtafiti wa uzamivu. Nchi hizo zinajua kwamba watu hao wakiondoka kwa mwezi mmoja, maabara nyingi zitabaki na taa zinazowaka na mashine zisizopima kitu. Ndiyo maana huwalipa.

Mfano wa Sweden ndio ulio wazi kupita yote. Tangu mageuzi ya mwaka 1998, chuo kikuu cha huko hakiruhusiwi kumpokea mtu kwenye masomo ya uzamivu mpaka kihakikishe kwamba riziki yake ipo kwa muda wote wa masomo, ambao ni miaka minne ya kazi kamili. Walio wengi huajiriwa na chuo. Mkataba wa kwanza hauzidi mwaka mmoja, kisha huongezwa kwa vipindi visivyozidi miaka miwili. Akipewa kufundisha, sehemu hiyo haipaswi kuzidi moja ya tano ya muda wake, na muda uliotumika darasani hurudishwa mwishoni, hivyo miaka minne ikawa mitano. Ada haitozwi, wala haijalishi mtu ametoka Malmö au Mbeya. Na tasnifu inapokuwa tayari, nakala yake hupigiliwa ubaoni kwa msumari, wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuitetea, ili yeyote anayetaka kuipinga apate nafasi ya kuisoma. Ni desturi ya kizamani, lakini maana yake ni njema: kazi iliyolipwa kwa fedha za umma huwekwa mbele ya macho ya umma.

Norway na Uholanzi hufuata njia inayofanana na hiyo. Ujerumani nako huajiri, ingawa huko mhitimu asome tangazo hadi mstari wa mwisho, maana nafasi nyingi ni za nusu ajira au robo tatu, wakati kazi yenyewe haina nusu. Uingereza hutoa posho badala ya mshahara. Marekani huchukua wengi moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, huwafundisha darasani kwanza, na huwalipa kama wasaidizi wa kufundisha au wa utafiti.

Sasa ni lini mambo huanza kuwa magumu? Ni pale inapoulizwa: swali ni la nani?

Mshahara haupatikani peke yake. Huja pamoja na swali, na swali ni la yule anayelipa. Kijana aliyekulia chini ya Mlima Meru anaweza kuajiriwa miaka minne kuchunguza kwa nini betri ya gari la umeme hupungukiwa nguvu katika baridi kali. Hilo si swali la kipuuzi. Kwa watu wanaoishi katika nchi ya theluji ni swali zito, na wana haki ya kulilipia. Lakini wakati yeye anapima betri, nyumbani kwao kuna swali jingine ambalo halijatangaziwa nafasi na mtu yeyote, nalo limeandikwa kwenye meno ya majirani zake.

Katika maeneo mengi ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi. Asili yake ni miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu katika sehemu hizo kupata maji yaliyo chini ya hapo kulikuwa mzigo usiobebeka. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo wakati meno ya ukubwani yanajijenga hupata meno ya rangi ya kahawia yasiyosafishika. Kiasi kikizidi sana, na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo huathirika. Wapo waliopinda miguu. Watu wa sehemu nyingine za nchi humtambua mtu wa Arusha akicheka, na utani huo umezoeleka kiasi kwamba husahaulika kuwa ni ugonjwa unaotokana na maji ya kunywa.

Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia iliyoshughulikiwa sana hapo ni ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa hewa kidogo, husagwa na kuchekechwa, kisha maji hupitishwa humo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba madini yaliyomo kwenye mfupa, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye jino, huivuta floraidi na kuishika. Kile kinachomdhuru binadamu mwilini ndicho kinachomwokoa katika ndoo.

Jambo hilo likieleweka, mara moja maswali humiminika. Mifupa ichomwe kwa joto gani hasa? Likipungua, maji hunuka na watu huyamwaga. Likizidi, mfupa hupoteza uwezo wake wa kunasa. Kichujio kimoja husafisha lita ngapi kabla ya kuchoka, na mama wa nyumbani atajuaje kwamba kimechoka, wakati floraidi haina rangi wala ladha ya kumwonya? Mifupa iliyochoka itupwe wapi? Kwa nini kisima cha kitongoji hiki ni kibaya, na kile kilicho mwendo mfupi kutoka hapo ni kizuri? Kila moja kati ya hayo ni kazi ya mtu mmoja kwa miaka mitatu au minne, mwenye vipimo sahihi, msimamizi anayejua na tumbo lisilo na njaa. Hizo ni nafasi nne za uzamivu, za mkemia, mhandisi wa maji, mtaalamu wa mazingira na mwanajiolojia. Maswali yapo tayari na watu wapo tayari. Kinachokosekana ni mstari wa mwisho wa tangazo.

Kwa hiyo mhitimu aende au asiende? Wapo wanaosema kwa ukali kwamba anayekwenda ameukimbia wajibu, na wapo wanaosema kwamba mwenye akili haulizi, hupanda ndege. Wote wawili wamekosa jambo moja: ufundi wa utafiti hauna pasipoti. Mtu aliyejifunza kuitazama chembe ndogo ya betri kwa hadubini ya elektroni anaweza kuitazama chembe ya mkaa wa mfupa kwa hadubini hiyo hiyo. Mfano upo. Dakta Askwar Hilonga alipata shahada yake ya uzamivu Korea Kusini katika teknolojia ya chembe ndogo mno, ile iitwayo nano. Alirudi Arusha akafundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na maarifa hayo akayaunganisha na mchanga, ambao watu wameutumia kuchujia maji tangu zamani. Kichujio chake, kinachoweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo, kilipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ambayo Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilikuwa kinaitoa kwa mara ya kwanza.

Lakini isisahaulike alirudi kwenye nini. Taasisi hiyo ya Arusha ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na hufundisha shahada za uzamili na uzamivu tu. Palikuwapo kiti, meza na wanafunzi. Yule anayerudi mahali ambapo hayo hayapo hugeuka kuwa mwalimu wa vipindi vingi na mjumbe wa kamati nyingi, na maarifa yake huzeeka kabla yake.

Njia ya katikati imejaribiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata Uhuru na chuo kikuu kishiriki kikaanza Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria, Chuo Kikuu cha Uppsala nacho kilianzisha mpango wa kusaidia wanafizikia wa nchi changa. Baadaye wakaingizwa wanakemia na wanahisabati. Tangu miaka ya 1970 Sweden ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa utaratibu wa nenda-rudi. Mtafiti hukaa nyumbani sehemu kubwa ya mwaka akikusanya sampuli na kuendelea na ajira yake, kisha huenda Sweden kwa miezi kadhaa kutumia mitambo isiyopatikana hapa, halafu hurudi. Swali hubaki la nyumbani na vipimo huwa vya ugenini. Wahadhiri wengi wa sayansi na uhandisi walioko leo wamepita njia hiyo, na haingekuwa haki kuibeza.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, mtu akiwa nyumbani husahauliwa kuwa ni mtafiti. Mkuu wa idara humwona yupo, basi humpangia vipindi. Miezi minane ya kukusanya sampuli huliwa na kusahihisha mitihani, na kazi ya kweli hufanyika katika ile miezi michache ya ughaibuni. Huko Sweden sheria imeweka kikomo cha moja ya tano. Hapa kikomo ni huruma ya mkuu wa idara. Pili, mfuko ni wa mwingine. Mwezi Juni 2023 serikali ya Sweden iliamua kukata fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo. Hakuna aliyekosewa haki yake, kwani fedha zilikuwa zao. Lakini swali la nyumbani likitegemea hazina ya ugenini, siku hazina hiyo ikibadili nia swali hubaki bila mtu.

Je, Afrika imewahi kuviweka swali na mshahara chini ya paa moja? Imewahi. Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyesomea uzamivu wake Cambridge juu ya wadudu, alianzisha mwaka 1970 jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, kijulikanacho kama icipe. Mwaka 1983 kituo hicho na vyuo vikuu vya Afrika walianzisha mpango wa pamoja wa uzamivu. Mtafiti huandikishwa katika chuo kikuu cha Kiafrika na shahada yake hutolewa na chuo hicho. Lakini utafiti wenyewe huufanya kituoni, kwa posho, chini ya wataalamu wa kituo, juu ya mdudu anayemla Mwafrika au anayekula mazao yake. Chuo hakihitaji kununua mtambo kisichoweza kuutunza, na kituo hakihitaji kugeuka kuwa chuo. Kule Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kituo hicho pamoja na watafiti wa Rothamsted ya Uingereza walibuni kilimo cha sukuma-vuta: jamii ya mikunde iitwayo desmodi hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, humfukuza bungua na kukandamiza kiduha, mabingobingo hupandwa pembeni mwa shamba na humvuta bungua huyo atoke nje. Watafiti wa uzamivu kadhaa wamepata shahada zao katika shughuli hiyo, na wakulima wamepata mahindi.

Hapa pafaa kukumbukwa jambo dogo. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alitia kwenye jokofu maziwa ya moto ya kutengenezea barafu kwa sababu aliogopa kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi sanifu wa maabara alijaribu. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969, na wanafizikia wa dunia wanabishana juu yake hadi leo. Palihitajika mwenye swali, mwenye jokofu na fundi anayelipwa mshahara. Kingekosekana kimoja, lingebaki kichekesho cha bwenini.

Basi fedha. Tanzania ilikuwa na Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi kwa sheria ya mwaka 1968. Mwaka 1986 ikaundwa kwa sheria Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwezi Januari 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa ajili ya utafiti ifikapo 2010. Nchi nyingi hazijafika huko. Vyombo vipo na maazimio yapo. Kisichokuwapo ni utaratibu wa kugeuza azimio kuwa ajira ya mtu fulani, katika maabara fulani, kwa swali fulani.

Utaratibu huo hauhitaji muujiza. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha umegharimu kiasi cha shilingi bilioni 520. Sehemu moja katika elfu ya fedha hizo ni shilingi milioni 520. Mtafiti akilipwa shilingi milioni 2 kwa mwezi, kwa miaka minne atagharimu milioni 96. Watano watagharimu milioni 480, na zitabaki milioni 40 za chupa, kemikali na nauli za vijijini. Haisemwi kwamba mradi huo ulikosea. Watu wa Arusha walihitaji maji, si tasnifu. Kinachosemwa ni kwamba bomba lina maisha yake, visima navyo hubadilika, na nchi inayojenga kwa kiasi hicho haina sababu ya kushindwa kuwalipa watu watano wa kuyapima maji yatakayopita humo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235. Je, mchanga utakaoletwa na mto kila masika utajaza bwawa hilo kwa kasi gani? Hilo nalo ni swali la uzamivu, na anayestahili kulilipia zaidi ya wengine wote ni yule anayeuza umeme wake.

Kabla ya hayo kutimia, mhitimu ana karatasi zake mbili mezani na tarehe ya mwisho inakaribia. Anayeomba ile ya kwanza aelewe kwamba anaomba kazi, siyo msaada. Barua inayolalamika umaskini haisomwi. Husomwa ile inayoonyesha kwamba mwombaji amezisoma makala za maabara hiyo na anaweza kueleza kwa sentensi tatu alichokipima katika tasnifu yake ya uzamili, kilimshinda wapi, na alifanya nini kiliposhindikana. Akiitwa kwenye usaili, aulize muda wa mkataba, nani anamiliki data, na kama inaruhusiwa sura moja ya tasnifu ichukue sampuli za nyumbani. Wasimamizi wengi hawalikatai ombi hilo, ila hakuna anayelitoa. Na akitakiwa kutuma fedha ili aajiriwe, ajue ametapeliwa.

Mhadhiri msaidizi anayebaki, au anayekwenda kwa utaratibu wa nenda-rudi, ana kazi nyingine kabla ya kutia saini. Aombe barua yake ya ruhusa ya masomo iandike idadi ya vipindi atakavyofundisha kila mwaka akiwa nyumbani, siku ngapi kwa wiki ni za maabara, na ufunguo wa maabara hiyo utakaa kwa nani jioni baada ya ofisi kufungwa.